Pongezi kwa Dawa ya Kikohozi

Wapo wanaosema Jamhuri ya Heko haimo kwenye ramani yoyote, na kwamba habari zake ni uzushi wa watu wasio na kazi. Waache waseme. Heko ipo. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti za kutosha kumchosha aliyesimama, ina mawaziri walionona, na ina kitu kimoja ambacho majirani wanaionea gere: Orodha Kuu ya Barua Pepe.

Orodha hiyo ilianzishwa ili kupunguza makaratasi serikalini. Kila mtumishi wa umma, kuanzia katibu mkuu mpaka mganga wa zahanati iliyo mwisho kabisa wa barabara, aliandikishwa humo, na barua moja ikitumwa huwafikia wote. Wakubwa waliipenda mno, wakapitisha sheria kwamba jambo lolote ambalo halijapita kwenye Orodha halijatokea. Bwawa likipasuka, linahesabiwa zima mpaka barua yake ipite. Mtumishi akifa, anaandikwa mtoro kazini mpaka barua ya msiba ipite. Redio ya taifa nayo ilisoma yaliyopita kwenye Orodha, na zaidi ya hapo ilipiga muziki.

Sasa, watu wa Heko wana desturi yao. Ni watu wa pongezi. Mkubwa akisema neno nawe ukakaa kimya, umemtukana. Rais wao, Mheshimiwa Mtukufu Baba wa Maarifa, alikuwa akiwatumia salamu kila asubuhi: "Hamjambo, wananchi wangu." Basi hapo nchi nzima huacha kazi ikajibu. Na hawamjibu yeye peke yake, maana pongezi ambayo wenzako hawakuiona itakufaa nini? Hubonyeza kitufe cha kuwajibu wote. "Hongera Mheshimiwa kwa kuamka." "Hongera kwa hekima iliyomo kwenye salamu hii." "Naungana na mtoa pongezi aliyetangulia." Wakimaliza, huwapongeza waliopongeza. Ungepita kwenye ofisi za Heko saa za asubuhi ungekuta watu wanachapa mpaka jasho linawatoka, ukadhani ni kazi.

*

Bi Havintishi Kondo alikuwa mkuu wa maabara ya dawa ya serikali. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya kusikika korido nzima, asiyependa kupotezewa muda. Pongezi alituma kama wenzake. Alikuwa ameandika moja akaihifadhi, na kila asubuhi aliibandika, akabonyeza, akaenda zake kunywa chai. Hakuona ubaya. Kwake ilikuwa ndiyo kodi ya kuachwa afanye kazi kwa amani.

Siku moja, katika zamu ya kawaida ya kupima dawa, alipata majibu ambayo hakuyaamini, akarudia kipimo kwa mkono wake mwenyewe. Majibu yakawa yale yale. Afueni, dawa ya kikohozi ya watoto, ile tamu ya rangi ya zambarau inayotoka kwenye kiwanda kipya ambacho Waziri wa Afya alikikatia utepe kwa mbwembwe, ilikuwa imechanganywa na kimiminika cha kutia kwenye rejeta za magari. Mtoto akinywa vijiko vichache, figo zinagoma. Zikigoma, hapati tena mkojo, anavimba uso, na baada ya hapo mama yake hurudi nyumbani na khanga tupu.

Bi Havintishi alikaa kwenye kompyuta akaandika: "ONYO LA HARAKA. Dawa ya Afueni ina sumu. Acheni kuwapa watoto sasa hivi. Kusanyeni chupa zote." Akaituma kwenye Orodha Kuu. Kisha akangoja simu zianze kulia, maana barua ya namna ile ilipaswa kuzifanya simu zote za nchi zilie.

Hakuna simu iliyolia. Mchana akampigia mwenyewe Dakta Mpogole, mganga mkuu wa hospitali ya wilaya ya Mtopani, mtu waliyesoma naye.

"Dakta, umepata onyo langu?"

"Onyo lipi tena?" Sauti ya Mpogole ilikuwa ya mtu ambaye hajalala. "Mimi nina watoto hapa wodini hawakojoi, Havintishi. Mmoja tumemzika jana."

"Ni hiyo Afueni. Nimeipima. Iondoe."

"Afadhali umeipima hatimaye. Wodini nimeshaiondoa, nilikuwa naishuku. Lakini zahanati zote za huku zinagawa, na mfamasia wa wilaya hanisikilizi. Anasema aliagizwa na Orodha agawe, ataacha akiagizwa na Orodha."

"Mpe simu."

Mfamasia akaja kwenye simu kwa adabu zote. "Shikamoo mama. Dakta ameniambia, na roho inaniuma, Mungu ni shahidi. Lakini nikimwaga dawa ya serikali kwa maneno ya simu, mkaguzi akija nimwonyeshe nini? Nitumie kwenye Orodha, mama yangu. Ikifika tu, nazimwaga."

Bi Havintishi alifungua kinywa amtukane, akakumbuka kwamba wiki iliyotangulia yeye mwenyewe alimjibu mtu maneno hayo hayo. Akakata simu, akachukua mkoba wake, akashuka ngazi kwenda Idara ya Usafi wa Mtandao.

*

Idara hiyo iko chini ya ardhi, na kuna baridi ya kiyoyozi inayomfanya kila mtu avae koti. Mkubwa wake alikuwa Mhandisi Pazi Lugome, bwana mpole mwenye macho mekundu ya kukodolea skrini.

"Barua yangu haijafika," Bi Havintishi alisema.

"Pole sana, mama. Umejaribu kuzima na kuwasha?"

"Kuzima nini?"

"Chochote tu. Tunatakiwa tuanze na swali hilo." Akageukia skrini. "Anwani uliandika vizuri? Nenosiri lako halijaisha muda? Ulianza kwa salamu za itifaki?"

"Niliandika kwamba dawa ina sumu. Itifaki ya nini?"

Mhandisi Pazi alitikisa kichwa kwa huruma, kisha akaonyesha kidole. "Hii hapa barua yako, haijapotea. Iko kwenye foleni. Unajua leo Mheshimiwa ametangaza kwamba ametiwa jino jipya?"

"Sikujua."

"Hujampongeza?" Mhandisi aliteremsha sauti. "Basi usimwambie mtu. Nchi nzima imempongeza kwa jino, kisha waziri mmoja akapongeza zile pongezi, naye akapongezwa. Seva yetu ni moja, mama, nayo hupeleka barua kwa zamu. Hapo ulipo, mbele yako kuna jino lote."

"Nipitishe mbele."

"Mbele ya pongezi?" Pazi alitazama mlango. "Mimi nina watoto, mama."

"Na kule Mtopani wanazikwa watoto."

Mhandisi aliitazama tena ile foleni. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililochukiza katika Heko: watu wabaya kabisa walikuwa wachache, na kazi zote zilifanywa na hawa wengine. Akasimama, akachungulia nje, akarudi. Wakubwa walikuwa wamekwenda kula. Akabonyeza hiki na kile, na barua ya Bi Havintishi ikaruka foleni yote ya jino ikawa ya kwanza. Wote wawili wakaitazama ikisogea. Ikafika mahali kwenye skrini palipoandikwa Chujio, ikatulia kidogo, ikatoweka.

"Imekwenda?"

"Imekwenda," alisema Pazi kwa unyonge. "Imekwenda jalalani."

"Nani ameamuru barua yangu itupwe?"

"Hakuna aliyeamuru. Hiyo ndiyo sifa ya chujio letu, mama. Lilipokuja halikuwa na akili yoyote, mmelifundisha ninyi. Mtumishi akipata barua asiyoitaka anabonyeza kitufe cha Taka, na chujio linajifunza. Mwanzoni mlibonyeza kwenye matangazo ya dawa za nguvu za kiume, sawa. Baadaye mkabonyeza kwenye madai ya walimu. Kisha taarifa za ukame. Kisha mtu wa maji akilalamika, Taka. Mtu wa madaraja akilalamika, Taka. Sasa linajua lenyewe. 'Sumu' ni taka. 'Haraka' ni taka. Neno 'watoto' likikaa karibu na neno 'kufa' hata halifiki katikati ya sentensi. Lakini ukianza na 'hongera', unapita hata kama unauza viatu."

"Na wale wa nguvu za kiume?"

"Waligundua zamani. Siku hizi matangazo yao yanaanza na Hongera Mheshimiwa. Yanafika yote, na wakubwa wanasema hawajapata kuona watu wazalendo kama wale."

Bi Havintishi alitaka kusema kwamba nchi hii imeoza, lakini Pazi alikuwa bado anabonyeza.

"Hata wewe umechangia, mama, usikasirike. Kila mtu ana jalala lake. Ngoja nikufungulie."

Likafunguka. Lilikuwa limejaa. Katikati yake zilipangana barua za Dakta Mpogole. "Naomba mnipimie dawa ya Afueni." "Nakumbusha ombi langu kuhusu Afueni." "Watoto wamezidi, tafadhali nijibuni." "Havintishi, kama umenikasirikia niambie, lakini pima dawa."

Alikumbuka. Kuna siku Mpogole aliandika kulalamikia glovu zilizochanika, barua ndefu, naye alikuwa na haraka ya kikao. Alibonyeza Taka ili aifikirie baadaye. Chujio lilimwelewa vizuri kuliko alivyojielewa, na tangu hapo halikumsumbua tena na jina la Mpogole. Alisimama pale kwenye baridi akajichukia kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi serikalini. Alitaka kutapika, na kwa kuwa Idara ya Usafi haikuwa na ndoo, alimeza.

"Lizime chujio," alisema.

"Linazimwa kwa idhini ya Waziri, mama."

*

Waziri wa Afya, Mheshimiwa Bartazari Kilokote, alimpokea huku anakula. Mezani palikuwa na kuku mzima aliyebaki nusu, na Waziri alikuwa akimfuata kwenye mifupa kwa vidole vyote. Midomo iling'aa mafuta. Alimwonyesha kiti kwa paja la kuku.

Bi Havintishi alisema yote bila kupamba: kipimo, rejeta, figo, mtoto aliyezikwa, foleni ya jino, chujio. Waziri alisikiliza hadi mwisho. Alipomaliza, alijifuta mikono polepole, kidole kimoja baada ya kingine, akapitisha kijiti kwenye meno, akapata kipande, akakitazama, akakirudisha kinywani.

"Bi Kondo," alisema, "serikali hii ni sikivu. Inasikia kwa masikio yote mawili. Lakini inasikia kwa utaratibu. Neno 'sumu' ni neno zito. Neno 'sumu' likitoka kiholela, mwekezaji anatetemeka. Mwekezaji akitetemeka, uchumi unayumba. Uchumi ukiyumba, nani atawanunulia hao watoto dawa ya kikohozi? Umeona mduara wake? Hebu ngoja kidogo."

Alitoa simu, akapiga, akageuza kiti upande wa dirisha.

"Mama Eda? Huyo mjukuu bado anakohoa? Mmempa ile ya zambarau? Hamjampa. Vizuri. Imwage. Nasema imwage chooni, uvute maji, na chupa usiitupe hapo uani, watoto wataichezea. Mpe asali. Usiniulize maswali, Mama Eda, fanya ninavyokwambia."

Akarudisha kiti. "Tulikuwa wapi? Naam. Utaratibu."

Bi Havintishi alimtazama mtu yule, shavu lake, mafuta kidevuni, na ule utulivu. "Mheshimiwa," alisema, "umeniamini."

"Nimekuamini kama babu," alisema Waziri. "Kama Waziri, sijapokea barua."

"Basi toa idhini chujio lizimwe, uipokee."

"Omba idhini hiyo kwa maandishi, uitume kwenye Orodha." Akavuta sahani karibu. "Karibu kuku."

*

Alirudi chini kwa Mhandisi Pazi kwa hasira. "Haya," alisema, "mlichokitaka ndicho nitakachoandika." Akavuta kiti, wakaanza kulipikia chujio barua ambayo lingeikubali.

Ya kwanza aliandika: "Hongera Serikali. Afueni inaua watoto." Chujio likaitupa. Wakatoa "inaua", wakaweka "inaharibu figo". Likaitupa. Pazi akashauri kwamba figo zitajwe kwa lugha ya maendeleo. Wakaongeza hongera mbele, wakaongeza nyuma, wakamtaja Rais kwa majina yake yote, wakautaja na ule utepe. Kila mara waliitazama barua ikifika pale kwenye Chujio na kutoweka. Ilipokubaliwa hatimaye, ilikuwa inasomeka hivi:

"HONGERA KWA DAWA YA AFUENI! Hongera Mheshimiwa Mtukufu Baba wa Maarifa! Maabara ya taifa inaungana na wananchi wote kuipongeza Serikali kwa dawa ya Afueni, na kwa hatua yake ya busara ya kuikusanya yote leo na kuacha kabisa kuwapa watoto, kwa kuwa imeonekana inazipa figo mapumziko ya kudumu. Hongera! Hongera tena!"

Bi Havintishi aliisoma barua yake akaona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini lile neno la kuikusanya lilikuwamo, na lile la kuacha lilikuwamo. Mwenye macho angeona. Barua ikapita. Ikafika kila ofisi, kila hospitali na kila zahanati ya Heko.

Majibu yakaanza papo hapo. "Hongera sana kwa Afueni." "Hongera maabara." "Nampongeza Bi Kondo kwa kuipongeza Afueni." Katibu mkuu akapongeza. Waziri wa Mifugo, ambaye hayamhusu, akapongeza mara mbili. Bi Havintishi alipiga simu Mtopani.

"Imefika," alisema Dakta Mpogole.

"Mfamasia ameimwaga?"

"Ameisoma hapa mbele yangu. Anasema kweli imeandikwa kukusanya, ameona. Lakini anasema waliojibu wote wamesema hongera, hakuna hata mmoja aliyejibu kwamba amekusanya. Sasa yeye akikusanya peke yake ataonekana vipi? Ameandika hongera. Kisha ameagiza katoni zaidi, kwa kuwa dawa iliyosifiwa hivi itagombewa."

Bi Havintishi alirusha simu ukutani. Ilidondoka nzima, nayo ikaendelea kuingiza pongezi.

Kabla jua halijazama, redio ya taifa ilikatiza muziki. Mheshimiwa Mtukufu Baba wa Maarifa alikuwa ameguswa na shangwe ya wananchi kuhusu Afueni. Ameamuru iwepo Siku ya Afueni, isherehekewe Mtopani, kwa kuwa ndiko ilikoagizwa kwa wingi kupita kote. Watoto wa wilaya nzima watapangwa uwanjani wanywe kijiko kimoja kimoja mbele ya kamera. Mgeni rasmi ni Waziri wa Afya. Bi Havintishi Kondo atavishwa nishani ya Mpongezaji Bora na kuisoma barua yake kwa sauti.

*

Uwanja wa Mtopani ulikuwa umewekwa maturubai upande mmoja, na chini yake makochi ya wakubwa na maji ya chupa. Upande wa pili hapakuwa na turubai. Huko walisimama akina mama, mstari baada ya mstari, kila mmoja na mtoto mgongoni au mkononi, na kila mmoja na chupa yake ya zambarau aliyogawiwa langoni. Jua lilikuwa limewapiga tangu asubuhi. Waziri alichelewa, kama inavyompasa mgeni rasmi, akaingia kwa ving'ora akipunga mkono.

Dakta Mpogole alijipenyeza hadi nyuma ya jukwaa. Alikuwa amevaa koti la wodini, hakuwa amenyoa. "Leo alfajiri tumempoteza mwingine," alimwambia Bi Havintishi. "Nimepita kwa hawa akina mama tangu wanafika. Nimewaambia. Wanasema, Dakta, mbona redio inaisifu? Mgambo wamenitoa uwanjani mara mbili."

Likaitwa jina la Bi Havintishi. Akavishwa nishani, akapewa kipaza sauti. Hakufungua ile karatasi waliyompa.

"Mama zangu," alisema, "msiwape watoto dawa hii. Dawa hii ina—"

Bendi ikalipuka. Katika Heko bendi hufundishwa kupiga kila msemaji anapovuta pumzi, ili kuonyesha kwamba maneno yake yamepokelewa kwa furaha. Matarumbeta yalipotulia alijaribu tena, akafika kwenye "figo", ngoma zikamzika. Makofi yakapigwa kote chini ya maturubai. Mshereheshaji akamnyang'anya kipaza sauti kwa tabasamu, akasema, "Ahsante sana kwa maneno mazito! Jamani, vigelegele!"

Bi Havintishi alibaki amesimama na nishani kifuani. Mbele yake palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, chupa ya Afueni, na kijiko kikubwa kilichofungwa utepe. Mtoto wa kwanza alikuwa tayari amebebwa kuletwa mezani, mtoto wa kike wa miaka miwili hivi, kamasi zikimtoka, amemshika mama yake shingoni. Kamera zilikuwa zinamngoja.

Sasa, kuna jambo ambalo hata mtoto mdogo wa Heko analijua. Katika nchi ile hakuna anayeonja kitu kabla mkubwa hajaonja. Iwe arusi, iwe matanga, iwe ufunguzi wa kisima, watu hukodoa macho na njaa zao mpaka mgeni rasmi apeleke kitu kinywani. Siku hiyo Waziri alikuwa ameifuta sehemu hiyo kwenye ratiba kwa kalamu yake mwenyewe.

Bi Havintishi alikichukua kijiko. Akakijaza mpaka ukingoni, akageuka, akapanda hatua mbili mpaka kwenye kochi la Waziri, akapiga goti kama mwanamke mwenye adabu zake.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," alisema, na kwa kuwa hakuwa na kipaza sauti alitumia ile sauti yake ya korido, "kwa heshima na taadhima, nakukaribisha utufungulie."

Umati ukashangilia. Hili walilielewa. Vigelegele vikapaa, bendi ikaingia, kamera zote zikageuka.

"Aa, mimi sina kikohozi," alisema Waziri akicheka.

"Na hawa watoto wengi hawana, Mheshimiwa. Wameletwa na mtendaji wa kata."

"Nitakunywa baadaye."

"Wanakungoja wewe."

Akakisogeza kijiko. Waziri alitabasamu, na tabasamu likaanza kumkauka. Alirudisha kichwa nyuma mpaka kikagota kwenye kochi. Alifunga midomo, akaibana kama mtoto anayekataa uji, akageuza uso kushoto, kijiko kikamfuata, akageuza kulia. Tone moja likamgusa mdomo wa chini.

Alilipuka. Alitema. Alijifuta kwa tai, akatema tena, akajikwangua ulimi kwa kucha, macho yamemtoka. "Maji!" alifoka. "Leteni maji, mnatazama nini!" Msaidizi akaja mbio na chupa, Waziri akasukutua, akatema kwenye zulia jekundu, akasukutua, akatema, mate ya zambarau yakimchuruzika kidevuni mpaka kwenye shati. Bendi ilinyamaza, maana haikufundishwa wimbo wa jambo hilo. Uwanja mzima ukawa kimya, na katika kimya kile ilisikika sauti ya Waziri wa Afya akikohoza koo lake ili asibakize hata chembe.

Mama wa yule mtoto wa kwanza alikuwa amesimama karibu kuliko wote. Alimtazama Waziri, akaitazama chupa mkononi mwake.

"Mbona anatema?" aliuliza.

Mshereheshaji aliipungia bendi mkono, bendi ikamtazama.

"Nauliza, mbona yeye anatema? Kwani ina nini?"

"Si Dakta alituambia," mwingine alisema nyuma yake.

Yule mama hakungoja zaidi. Alimhamishia mtoto upande wa pili, akafungua kifuniko kwa meno, akaigeuza chupa. Dawa ikamwagika kwenye vumbi. Wa pili akamwaga. Mstari wa mbele wote ukamwaga, kisha wa nyuma yake, hata wale wa mbali ambao hawakuona kitu waliwauliza wenzao kuna nini, wakaambiwa mkubwa ametema, nao wakamwaga. Mgambo walikimbia huku na huku wakipiga filimbi, hawajui wamkamate nani. Mfamasia wa wilaya alisimama kando ya katoni zake, simu mkononi, anangoja.

Simu ya Bi Havintishi ikalia. Ilikuwa barua ya Orodha Kuu, ya kumwachisha kazi kwa kosa la kumvunjia mgeni rasmi hadhi. Msaidizi wa Waziri alikuwa ameichapa pale pale jukwaani. Haikukaa foleni, chujio halikuigusa, ilimfikia kila mtumishi wa Jamhuri kwa mkupuo mmoja, na chini yake hongera zilikuwa zimeshaanza kuingia.

Akaizima simu. Akaivua nishani akaiacha mezani, akaazima ndoo kwa mama mmoja muuza maji, akashuka uwanjani kukusanya chupa zilizokuwa bado hazijafunguliwa. Dakta Mpogole akaja akamshikia ndoo upande wa pili. Ilijaa upesi, wakaazima nyingine.